Mvua, Maiki na Mke wa Adamu

Jumatatu, 6 Januari 2025

Nimefundisha somo langu la kwanza kwa kompyuta na sikusikika hata neno moja. Saa nzima Bwana Henk, mstaafu wa Uholanzi aliyeamua uzeeni ajifunze Kiswahili, alinitazama kwenye kioo nikifungua mdomo na kuufunga. "Mwalimu, ninakuona, sikusikii," akawa anasema. Mimi namsikia vizuri kabisa. Nikapandisha sauti. Nikapandisha tena. Mara jirani yangu Mama Lusekelo akaingia mbio, mikono imejaa unga.

"Mwalimu, nani anakupiga?"

Mtu wa nyumba ya pili, aliye nyuma ya ukuta wa tofali, amenisikia. Kompyuta iliyo mbele ya pua yangu haijanisikia. Nimestaafu ualimu bila mtoto hata mmoja wa safu ya nyuma kuniambia hanisikii. Nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Niandike makubaliano yalivyo, baadaye mtu asije akayageuza. Mwezi uliopita niliteleza uani kwenye matope, goti likavimba. Mwanangu Adamu, ambaye hununua vitunguu Ruaha Mbuyuni na kuvileta hapa sokoni Uyole, akanikuta nimelifunga kwa kitambaa. Akakaa kwenye kochi la marehemu baba yake akatangaza kwamba nihamie kwake Iringa, na nyumba hii tuipangishe. Hakuuliza, alitangaza. Nikamwambia nina kazi: kituo kimoja cha lugha kimenichukua kwa majaribio nifundishe wageni nikiwa sebuleni kwangu, na majaribio yanaisha mwezi wa nne, mvua zikikaribia kukatika. Akacheka. Akasema, "Sawa mama. Ukipita unabaki. Ukishindwa nakuja na gari, tunapakia."

Nyumba hii niliingia nikiwa bi harusi. Kila msumari ulio ukutani naujua ulipigiliwa siku gani na nani aligongwa kidole. Sitaki kwenda Iringa. Iringa ni pazuri kwa kutembea siku mbili.

Tena najua wazo hili halikutoka kwa Adamu. Limetoka kwa mke wake. Wana mtoto wa miaka minne, dada wa kazi amewakimbia, wameona bibi yupo tu Mbeya anakaa na kuku.

Alhamisi, 9 Januari

Mvua tangu alfajiri. Sijatoka.

Ijumaa, 10 Januari

Mke wa Adamu amepiga simu. Anaandikisha wanafunzi kwenye chuo kimoja huko Iringa, kwa hiyo kompyuta anazijua, na anasema amesikia nina shida. Nimejiuliza kwa nini mtu anayetaka nishindwe anataka kunisaidia. Nikajijibu kwamba anakuja kupeleleza.

"Shikamoo mama. Hizo hedifoni zako zina plagi ngapi?"

"Marahaba. Mbili. Moja ya kusikia, moja ya maiki."

"Nyuma ya kompyuta kuna matundu ya rangi. Ya maiki umechomeka lipi?"

Ikabidi niingie chini ya meza na goti langu hili. Kuna tundu la kijani, la waridi na la buluu. Plagi ya kusikia iko kwenye kijani. Ya maiki nilichomeka kwenye buluu, kwa sababu la waridi lilikuwa na utando wa buibui.

"La maiki ni hilo la waridi, mama," akasema. "Mtoe buibui."

Nikamtoa buibui. Nikasikika. Nilimshukuru, lakini sikumshukuru sana.

Jumatatu, 13 Januari

Bwana Henk ananisikia, ila anasikia na nyuki. "Mwalimu, unafuga nyuki?" Hapana, sifugi. Nikampigia mke wa Adamu, maana nimpigie nani mwingine? Akaniuliza kompyuta imechomekwa pamoja na nini. Nikamwambia na friji, kwenye ekstensheni moja. Akasema hiyo friji ndiyo inayoleta mngurumo kwenye maiki, niizime wakati wa somo. Nikaizima, nyuki wakahama. Nikasahau kuiwasha. Maziwa yamechacha.

Alhamisi, 16 Januari

Malori ya barabara kuu leo yamepiga honi somo zima. Nimemfundisha Bwana Henk neno "lori". Sikuwa na namna.

Jumanne, 21 Januari

Panya wametafuna waya wa hedifoni. Wameacha friji, wameacha televisheni, wamechagua chombo cha kazi yangu.

Alhamisi, 23 Januari

Nimekwenda mjini dukani kwa Ashok, ambaye baba yake ndiye aliyetuuzia redio yetu ya kwanza. Nimenunua maiki ya kusimama mezani, ina shingo ndefu na kichwa cha mviringo. Ashok alitaka kuichana nailoni aijaribu, nikamshika mkono. Kitu kipya unakitoa nailoni ili iweje? Vumbi liingie? Rimoti yangu ya televisheni bado imo ndani ya nailoni yake na inabadilisha stesheni kama kawaida.

"Mwalimu, hii ni ya kuongelea," akasema Ashok.

"Nitaongelea humo humo," nikamwambia.

Jioni nimeifumia kofia. Sebuleni kwangu hakuna kinachokaa uchi: kochi lina vitambaa, redio ina kitambaa, kompyuta yenyewe nimeifumia cha maua manne. Maiki imepata kofia ya uzi mweupe yenye ukingo wa rangi ya machungwa, imekaa juu ya nailoni vizuri kabisa. Mama Lusekelo ameniomba nimfumie ya birika.

Jumatatu, 27 Januari

"Mwalimu, uko ndani ya gunia?" Bwana Henk kaniuliza. Neno "gunia" nilimfundisha mwenyewe wiki iliyopita. Nimeshindwa kujua nifurahi au nilie.

Alhamisi, 30 Januari

Nimepata ujumbe wa Bi Masuma, msimamizi wetu wa kituo, aliyeko Dar es Salaam. Anasema masomo yote hurekodiwa na ya kwangu hayasikiki. Simu hairuhusiwi, kwa sababu ubao wa somo uko kwenye kompyuta. Mwezi wa nne ataingia mwenyewe kwenye somo langu, asikilize mwanzo mpaka mwisho, na hapo ndipo ataamua nibaki au niondoke. Ameandika kwa adabu sana. Hiyo adabu ndiyo iliyonitisha.

Adamu amepiga kuuliza habari za goti. Nikamwambia goti zima na kazi inakwenda vizuri. Uongo mmoja na ukweli mmoja.

Jumatatu, 3 Februari

Nimemwita fundi Zabron mwenye kibanda pale stendi. Amekuja na begi kubwa na uhakika mkubwa zaidi. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akatikisa kichwa.

"Mama, hii tuipige window."

Kila kompyuta ya Uyole ikiugua, kwa Zabron dawa ni moja: futa vyote, weka upya. Nikamwambia shida ni sauti yangu kuwa ndogo tu. Akasema ndiyo dalili zake hizo. Basi akaipiga window kutwa, nikampikia wali, akala, akaendelea kupiga. Alipomaliza, hata sauti ya Bwana Henk haikuwepo tena. Kompyuta ikaandika kwamba haioni kifaa chochote cha sauti.

Zabron akakuna kichwa. "Hapo sasa ni kadi ya sauti."

"Ulipoingia humu ilikuwa inasikika."

"Ilikuwa inaelekea kufa, mama. Mimi nimeiwahi."

Nimecheka, Mungu anisamehe. Alipoondoka ndipo nikaacha kucheka. Nimezunguka nyumba yangu, nikashika fremu za milango moja moja. Naogopa.

Alhamisi, 6 Februari

Mke wa Adamu ameeleza. Zabron alipofuta vyote, alifuta na programu inayoiongoza kadi ya sauti, na kompyuta ni ya zamani mno, programu yake haipatikani. Amesema tusihangaike na kadi ya ndani, zipo kadi za nje, kitu cha ukubwa wa kidole gumba kinachochomekwa pembeni. Zabron atafute hiyo. Alikuwa anaongea huku anamlisha mtoto na huku kuna watu wanamsubiri dirishani, namsikia. Hakunikatia simu.

Ijumaa, 14 Februari

Zabron ameileta kadi ya nje mwenyewe, amenyeshewa mpaka soksi, na amekataa kula. Bwana Henk nimemsikia. Yeye hakunisikia hata mnong'ono. Mke wa Adamu akasema kompyuta ilikuwa bado inasikiliza kwenye ile kadi iliyokufa, nikaingia kwenye mipangilio nikachagua mpya. Kimya. Akasema niangalie kama programu ya somo imeruhusiwa kutumia maiki. Haikuruhusiwa. Nikairuhusu. Sauti ikatoka, na imerudi ndani ya gunia lilelile.

Alhamisi, 20 Februari

Kila jioni tunafanya majaribio. Naita Iringa kwa kompyuta, halafu simu nashika mkononi, yeye ananiambia kwenye simu kama kompyuta inanisikia. "Sema moja, mbili, tatu, mama." Nasema. "Bado mama, nasikia mvumo tu, maneno siyashiki." Nimechoka kuhesabu, sasa nasema lolote. Jana nimeiambia kompyuta, simu nimeikalia, "Wewe binti, mimi kwako siji ng'o, mtoto wako utamlea mwenyewe." Nikaiweka simu sikioni. "Bado siyashiki maneno, mama," akasema. Nikamwambia najua.

Jumatano, 26 Februari

Leo niandike polepole.

Jioni tulianza kama kawaida. Mara mke wa Adamu akasema kwenye simu, "Mama, hebu isogeze maiki kwenye kamera. Hicho cheupe juu yake ni nini?"

"Ni kofia."

"Ya nini?"

"Ya maiki. Isiingie vumbi."

"Na hicho kinachong'aa chini ya kofia?"

"Nailoni yake ya dukani."

Sikumsikia akicheka, lakini nilimwona amegeuka akatazama ukuta, mabega yakaenda juu na chini. Nikaona huu sasa ni utovu wa adabu. Nikamwambia nimeshaelewa, ahsante, nikakata simu. Nikaivua maiki kofia, nikaichana nailoni, nikaitupa, huku nimefura. Simu niliikata. Kompyuta sikuikata. Siku zote hizo haikuwahi kunishika neno, na mimi nilishazoea kwamba hainisikii.

Mama Lusekelo akaingia kuomba chumvi.

"Mbona umevimba, Mwalimu?"

Nikamweleza. Nikaeleza yote. Nikasema mke wa Adamu ananicheka kwenye kofia yangu. Nikasema yeye ndiye aliyemtia Adamu maneno nihamishwe kwangu kama kabati, ili niende kumlelea mtoto bure. Nikasema amemkalia mume wangu wee, astaghfirullah, mwanangu, amemkalia mpaka hajui tena kujiamulia. Nikasema na chai yake ni maji ya moto tu, haina tangawizi, haina iliki, haina utu. Mama Lusekelo akawa anaitikia, "Mwe, Mwalimu, mwe," na mimi mtu akiniitikia hivyo sina breki.

Ndipo spika zikasema, kwa upole kabisa:

"Mama, sasa sauti inasikika vizuri sana."

Mama Lusekelo akaondoka bila chumvi.

Alhamisi, 27 Februari

Sina la kuandika.

Jumamosi, 1 Machi

Mwezi unatafutwa leo. Kabla ya kufunga, mtu huombana radhi na wenzake, na nimefanya hivyo maisha yangu yote, napiga simu kwa ndugu mmoja mmoja, nasema yale maneno haraka haraka kama nasoma tangazo. Leo ilikuwa simu moja tu ndiyo nzito. Nimetawadha, nimekaa, nimeinuka, nimekwenda kulisha kuku walioshiba. Halafu nikapiga.

"Nasrin," nikasema. Nimesikia mwenyewe kwamba sijawahi kumwita jina. "Naomba radhi. Yale niliyoyasema ni mabaya na hukustahili."

"Nimekusamehe mama, na wewe unisamehe kwa kucheka. Ila ya chai nimeichukua. Tangawizi imo ndani tangu juzi."

Nikasema na hilo nalo liondolewe.

"Hapana, hilo lilikuwa kweli," akasema. Halafu akasema, "Mama, lile jambo la kukuhamisha ni la Adamu. Tangu ulipoanguka hana usingizi, anakuona umeanguka tena na hakuna mtu. Mimi nilimkatalia. Tuligombana kabisa. Nilimwambia mama ana kwake, akae kwake, na kama ni maiki nitamsaidia mpaka isikike."

Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akasema nilikuwa sijamuuliza.

Nimelia kidogo. Ni aibu, na ni kitu kingine pia ambacho sijakipatia jina.

Jumapili, 2 Machi

Funga ya kwanza. Koo kavu, sauti safi. Bwana Henk amesema, "Mwalimu, leo uko hapa!"

Jumatano, 12 Machi

Somo zuri. Nasrin amenifundisha kupunguza sauti ya spika ili maiki isilirudishe neno la Bwana Henk masikioni mwake. Nimemfundisha kupika vipopoo, vile vidonge vya unga ndani ya tui la nazi.

Jumanne, 18 Machi

Mvua ya jioni imenizima. Bati la nyumba hii halina dari, na mvua ikija kweli hata mawazo yako huyasikii. Bwana Henk alidhani nimewaalika watu wanapiga makofi. Nasrin anasema hapo hakuna cha kurekebisha kwenye mipangilio, maiki nzuri inasikia na mvua vizuri. Nimehamishia masomo asubuhi.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Adamu kaja na mtoto, Nasrin kabaki, anasema hajisikii vizuri. Nimempelekea visheti na sambusa kwenye kopo. Adamu ameitazama kompyuta yangu, kadi ya nje, maiki isiyo na kofia. Akatoka nje. Aligonga bati la jiko langu la kuni pale uani akasema, "Hiki kibanda cha nyasi bado hujakibomoa, mama?" Nikamwambia kibomolewe kimemkosea nini. Ukuta wake mmoja nimeuziba kwa kipande cha bati, lakini paa ni nyasi, na maharage hayaivi popote pengine.

Jumatatu, 14 Aprili

Bi Masuma ameandika. Atasikiliza somo langu Jumatano ya wiki ijayo, saa kumi jioni. Nimemwomba iwe asubuhi. Hana nafasi nyingine.

Jumanne, 22 Aprili

Adamu amefika na gari. Limebeba yeye na turubai tu.

"Vitunguu viko wapi?"

"Sijapakia safari hii," akasema, akaangalia pembeni. "Ni endapo itabidi kupakia vyombo, mama. Nisije nikarudi mara mbili."

Nimempikia, amekula. Usoni amekonda. Nilimkasirikia mpaka alipoinama kuvua viatu nikaona ana mvi kisogoni. Mwanangu mimi, ana mvi.

Jumatano, 23 Aprili

Saa tisa jua. Saa tisa na nusu wingu limetoka upande wa mlimani. Nilikuwa nimekaa, nimevaa, friji imezimwa, Bwana Henk ameshaingia kavaa shati na tai, tunapima sauti, safi. Halafu tone moja juu ya bati. Halafu la pili. Halafu yote kwa pamoja.

Nikamwona Bwana Henk anashika masikio. Nikaona mdomo wake unasema sikusikii. Nikaisogelea maiki mpaka nikaigusa kwa midomo, nikapiga kelele, na nilichokipeleka Uholanzi ni mvua ya Uyole peke yake. Nikakumbuka yote niliyoyafanya, buibui na nyuki na kadi na nailoni, na sasa nashindwa na bati. Nikakaa. Nikasema kwa sauti, hakuna aliyenisikia, "Basi, napakia."

Adamu alikuwa mlangoni. Sijui alisoma mdomo wangu au uso. Alitazama juu kwenye bati, akatazama nje uani, akatazama tena juu. Halafu akaja akaniinamia sikioni.

"Mama, kule jikoni mvua haisikiki."

Nikamtazama.

"Nyasi," akapiga kelele. "Paa la nyasi!"

Sikuwahi kumwona mwanangu akikimbia tangu awe baba. Alichukua turubai lile alilolileta kufunikia vyombo vyangu, akaifunika kompyuta, akaibeba kifuani kama mgonjwa. Mimi nikabeba kioo. Mama Lusekelo, ambaye alikuwa ameinama dirishani kwake anaangalia, akaja na mwavuli na ekstensheni yake, akaiunganisha na ya kwangu, tukaipitisha juu ya kamba ya nguo isiguse maji, na viungio akavivalisha mfuko. Mtandao tukautoa kwenye simu ya Adamu. Kompyuta tukaiweka kwenye sinia juu ya kinu kilichopinduliwa. Kuku walikuwa wameshaingia wote kukwepa mvua. Adamu akawatoa, wakarudi, akawatoa. Jiko lilikuwa na moshi kidogo wa maharage ya mchana.

Na mle ndani palikuwa kimya. Mvua iliyonifanya kiziwi sebuleni, kwenye nyasi ilikuwa inapita tu. Nikapumua.

Saa kumi na dakika chache Bi Masuma akatokea kwenye kioo, miwani, kitambaa cha buluu.

"Mwalimu Mwanakhamisi, mbona nyuma yako naona kuni?"

"Niko jikoni kwangu," nikasema. "Unanisikia?"

"Nakusikia vizuri sana."

Nikafundisha. Somo lilikuwa kueleza nyumba. Bwana Henk akaeleza ya kwake: ina ngazi, ina paka, ina chumba kimoja kisicholalwa tangu mke wake afariki. Alikwama kwenye neno "kisicholalwa", akalirudia, akalipata. Nikamwacha anyamaze kidogo, sikumharakisha, maana mwalimu anajua ukimya upi ni wa kukosa neno na upi si wa hivyo. Halafu akaniomba nieleze ya kwangu. Nikaeleza kuanzia mlangoni. Nilieleza chumba kwa chumba, mpaka chumba alichozaliwa mwanangu na mvua ya siku ile, na niliposahau kwamba ni somo, Adamu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko amemkumbatia kuku mmoja ili asilie, na maji yanamtiririka shingoni, na hakutoka.

Bi Masuma akasema atanijulisha kesho. Moshi ndio ulionitoa machozi. Adamu alisema hivyo hivyo kuhusu ya kwake.

Alhamisi, 24 Aprili

Ujumbe umeingia saa mbili asubuhi. Nimepita. Bi Masuma anauliza kama masomo mengine naweza kuyafanyia hapo hapo jikoni, kwa sababu sauti ya mle ndani ni bora kuliko ya walimu wenzangu wote.

Nimemsomea Adamu. Akasoma na yeye mwenyewe, mara mbili, kama risiti. Akasema, "Nilitaka tu uwe mahali ninapokuona." Nikamwambia atumie kompyuta, ataniona kila siku na atanisikia, tena atasikia zaidi ya anavyotaka. Akacheka. Akasema atanipigia zege pale uani nisiteleze tena. Hilo nimelikubali.

Tukairudisha kompyuta sebuleni, jua limetoka, tukamwita Nasrin tumpe habari. Akapiga vigelegele mpaka mtoto akakimbilia kwenye kioo. Halafu akamwambia mtoto akacheze nje. Akasogea karibu.

"Mama, na mimi nina langu. Adamu nimemwambia aniachie niseme mwenyewe. Nina mimba, ni ya mwezi wa tano sasa. Nitajifungua Agosti, Mungu akipenda."

Nikaanza kusema hongera, akaniomba nimsubiri.

"Mtoto wa kwanza nililala uzazi kwa mama yangu. Sasa mama hayupo. Nikizalia hapa hata wewe ukija, utakuwa mgeni wangu, nitaamka kukuandalia. Sitaki uje kwangu. Nataka nije kwako. Ndiyo maana nilimkatalia Adamu. Nyumba ikipangishwa, mimi nikizaa nakwenda kwa mama gani?"

Maiki ilikuwa mbele yangu, haina nailoni, haina kofia. Kadi mpya inawaka taa yake. Mvua hakuna, friji imezimwa. Nikafungua mdomo.

"Mama?" akasema Nasrin. "Mama, mbona sikusikii?"

Adamu, mtoto mwema, akapiga magoti akaingia chini ya meza kukagua waya. Akaanza kuuliza ni plagi ipi. Nikamwacha akague. Nilifuta uso kwa kitambaa cha kompyuta, kile cha maua manne, nikaisogeza maiki, nikamwambia mwanangu Nasrin aje mwezi wa saba asisubiri wa nane, barabara ina matuta, na asibebe kitu chochote, khanga zipo.